Kobe wa majini: akwariamu ya kioo, simtanki la kukata au kibwawa cha saruji?

Mkorosho_Mmoja (Chikongola, Mtwara)
Wakuu, hodi humu. Jirani kahamishwa kikazi, kaniachia kobe wake wa majini, yule mwenye baka jekundu nyuma ya kila jicho. Gamba ni sentimita 12. Kwa sasa anaishi kwenye beseni la kufulia na kila baada ya siku mbili maji yananuka, hadi mama watoto kasema kati yangu na kobe mmoja atahama. Nawaza mambo matatu: akwariamu ya kioo ya lita 200 sebuleni, simtanki la lita 1,000 nilikate nusu nililaze uani, au nijenge kibwawa cha saruji. Aliyefuga anishauri kabla hela ya korosho haijaisha.

Mama_Rutamba
Afadhali umetaja hayo mabaka, nilidhani umeokota kasa. Kasa wa baharini analindwa, na hata kobe wa mtoni wa kwetu humwokoti ukamfuga tu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Huyo wako asili yake Marekani. Muulize jirani karatasi zake ziko wapi, na siku ukimchoka usiende kumtupa Mto Lukuledi.

Fundi_Vioo_Ligula
Mkuu, kioo naweza kukutengenezea na kinapendeza. Ila ujue lita 200 ni kilo 200 za maji, bado kioo na mawe. Ile meza ya televisheni haitabeba. Silikoni nayo iwe ya kawaida ile inayonuka siki, si ya bafuni yenye dawa ya kuvu, na uiache ikauke kabisa kabla ya kujaza.

Mwana_Mikindani
Fundi anatafuta riziki, simlaumu 😂 lakini mimi nilianza na kioo, ngoja niseme.

Kobe huyu akikua, hasa jike, gamba linafika sentimita 25 na zaidi. Hesabu ya wafugaji ni lita 40 kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba. Leo lita 200 zinamtosha, kesho anahitaji 400. Pili, ndani ya nyumba anahitaji taa ya UVB, yenye mionzi ya urujuanimno kama ya jua, la sivyo gamba linalainika. Ukimweka dirishani hujafanya kitu, kioo cha dirisha kinazuia mionzi hiyo karibu yote. Mimi duka moja Dar liliniuzia "UVB" kumbe globu nyeupe ya kawaida, nikagundua gamba limeshaanza kupinda. Na hata taa ya kweli inataka kubadilishwa kila miezi sita hadi kumi na miwili ingawa bado inawaka.

Sasa mtu wa Mtwara anunue jua la dukani kwa nini? Weka uani. Maji ya nyuzi 24 hadi 28 ndiyo anayoyapenda, kwetu hilo halitaki hita. Kazi yetu ni kuzuia yasichemke: nusu kivuli, nusu jua, maji yawe na kina.

Bi_Shangani
Na saruji? Sisi tulijenga. Kinadumu, lakini saruji mbichi inaharibu maji. Tulijaza na kumwaga kwa wiki kadhaa kabla ya kumtia kobe. Pia kama umepanga, huwezi kuhama na bwawa.

Mkorosho_Mmoja
Nimepanga, dada. Basi saruji imetoka. Simtanki likiwa jeusi halitachemsha maji? Na filta umeme ukikatika?

Mwana_Mikindani
Litachemka likikaa juani kutwa, liweke chini ya mwembe. Toboa chini uweke koki. Kila wiki fungulia nusu ya maji, yapeleke kwenye migomba, itakushukuru. Maji ya bomba yaache wazi siku moja klorini itoke. Usimwage yote ukasugua kama sufuria: bakteria wanaokula amonia ya mkojo wake wanakaa kwenye sponji ya filta na kuta. Sponji isuuze kwa maji yaleyale ya tanki. Pampu ya filta ikilala saa chache, lita 400 zinavumilia. Beseni lako ndilo lisilovumilia.

Muwekee gogo la kupandia aote jua akauke kabisa. Ukingo uwe juu, huyu anapanda kuliko unavyodhani.

Mama_Rutamba
Chakula: dagaa wasio na chumvi, majani, na ule mfupa mweupe wa dome unaoletwa na maji ufukweni, muachie atafune apate kalsiamu. Watoto wakimshika wanawe kwa sabuni, anabeba salmonella, bakteria wa kuharisha. Na usioshee vyombo vyake kwenye karo la jikoni.

Mkorosho_Mmoja
Mrejesho: simtanki limekatwa, koki ipo, gogo la mkorosho limelazwa. Siku ya tatu leo. Gogo kalipanda kuku.

Fundi_Vioo_Ligula
Weka wavu juu mkuu. Wavu nao ninao.