Kutua kwa otopailoti pale Moi: simyuleta ya nyumbani na ndege halisi zinaachana wapi

Njia03 (mwanzisha mada)

Salaam wadau. Tulinganishe kwa namba, si kwa kelele: 737-800 iliyotengenezwa na PMDG ndani ya MSFS (simyuleta ya Microsoft), A320 ya kikundi cha FlyByWire (ile ya bure) humohumo, na ndege yenyewe yenye abiria. Ukiiacha mashine ijitue Moi International, uwanja wa Mombasa, ni kipi unachokiona nyumbani ambacho rubani wa kweli angekitambua, na kipi ni mchezo mtupu? Mwenye X-Plane, simyuleta nyingine, naye aongeze lake. Tuchukue njia 03 (inayoelekea digrii 030), kaskazi inavuma kutoka digrii 050 kwa noti 14, mawingu futi 800.

BintiMtongwe

Nianze na 737, maana hapo ndipo wengi huteleza.

ILS (mawimbi ya redio yanayoiongoza ndege mpaka kwenye njia) iingizwe kwenye redio za NAV 1 na NAV 2, zote mbili, na kozi (mwelekeo wa njia) iwekwe upande wa rubani na upande wa msaidizi. Ukisahau upande mmoja, otopailoti ya pili haitashika, na kwa otopailoti moja hakuna kujitua. Uwanja uko kama futi 200 juu ya bahari. Ukija kwa futi 2,000 za QNH (juu ya bahari), mteremko wa digrii 3 unaukuta maili 5.5 hivi kutoka kizingiti (mwanzo wa njia). Uukute ukiwa chini yake. Ukianza kuufukuza kwa juu, kasi inapanda, flapu zinachelewa, na kila kitu kinachofuata kinachelewa.

Bonyeza APP (kitufe cha kufuata ILS). LOC (lokalaiza, yaani mstari wa kati) na G/S (mteremko) zikishika, bonyeza CMD ya pili (kitufe cha otopailoti ya pili) kabla ya futi 800 za altimita ya redio, inayopima kimo juu ya ardhi. Futi 1,500 mashine hujipima na neno FLARE (kuinua pua kabla ya kugusa) hutokea kwa rangi nyeupe. Lisipotokea usingoje, tua kwa mkono au paa upya. Flapu ziwe 30 au 40.

Sasa kuna kitu PMDG wamekiiga vizuri sana na wengi hawakijui. Karibu na futi 400 gurudumu la trimu (linaloshikilia pua juu au chini) linazunguka lenyewe kuinua pua. Hiyo ni akiba: mashine ikijizima ghafla, ndege iwe na mwelekeo wa kupanda, si wa kudidimia. Sasa mtu anaingiwa na hofu futi 300, anazima otopailoti, halafu analalamika kwamba ndege imeelea mpaka katikati ya njia. Ni lazima usukume usukani mbele. Ndani ya ndege halisi mkono unaupata uzito huo papo hapo. Springi ya jostiki yako haikuambii kitu: ina nguvu ileile, trimu iwe wapi iwe wapi. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, wala si picha.

Futi 50 pua inaanza kuinuka, futi 27 throtoli zinarudi. Magurudumu yakigusa, zima otopailoti mwenyewe. NG (kizazi cha 737-800) ya kawaida haina mfumo wa kuifuata lokalaiza juu ya lami. Ukiiacha ikaingia nyasini, usiwatukane walioandika programu.

AirbusiTu

Kwa A320 kazi ni nyepesi kidogo: APPR (kitufe cha kufuata ILS), kisha AP1 na AP2 (otopailoti zote mbili) pamoja, halafu soma maandishi. Futi 400 lazima uone LAND ya kijani, baadaye FLARE, ukishagusa ROLL OUT. Hii inajiongoza juu ya lami.

Kosa la nyumbani ni throtoli. Za Airbus hazitembei zenyewe. Injini zinapunguzwa na kompyuta lakini mikono ya throtoli inabaki pale CL (alama ya kupanda). Ile sauti ya "RETARD", ambayo kwenye kujitua huja futi 10 badala ya 20, inakuagiza wewe uivute mpaka sifuri. Usipoivuta, spoila za ardhini (mabamba ya juu ya mbawa) hazifunguki, uzito haushuki kwenye magurudumu, na breki zinashika hewa. Mwenye jostiki yenye kitelezi kimoja kidogo akipime kwanza: kikiishia asilimia 2 badala ya 0, programu haihesabu kwamba umevuta.

FlyByWire wameyaiga maandishi haya vizuri kwa kitu cha bure. Airbus za ToLiss kwenye X-Plane 12 naziona zinakaribiana zaidi kwa namna pua inavyoinuka. Lakini X-Plane ina sharti lake: fremu zikishuka chini ya 20 hivi kwa sekunde, muda wenyewe unapunguzwa mwendo. Punguza mawingu na vivuli mpaka ubaki na 30 za uhakika kabla hujaihukumu otopailoti.

KusiMkali

Mwanzisha mada umetuchagulia upepo wa sherehe, yakhe. 050 kwa 14 juu ya njia 03 ni digrii 20 tu: ubavuni hata noti 5 hazifiki, omoni (usoni) 13. Hapo hata meza ingetua.

Wekeni kusi, 150 kwa 18. Ukiing'ang'ania 03 kwa sababu ILS yake ndiyo uliyoizoea, upepo unakuja wa tezi (mgongoni) noti 9, na wa ubavu karibu 16. Kikomo cha A320 kwa kujitua ni noti 10 za mgongoni, 20 za ubavuni, 30 za usoni. Umebakiwa na noti moja mfukoni, upepo ukisukuma kidogo tu umetoka nje ya kikomo. Simyuleta haitakukataza, itakutua tu, na hapo ndipo inapodanganya. Kwenye ndege halisi mngepewa njia 21, lami ileile kwa kutokea upande wa pili, noti zilezile 9 zikaja usoni.

Halafu kuna imani inayonikera: kwamba hali ya hewa ikichafuka ndipo unaiachia mashine. Ni kinyume. Kujitua kulibuniwa kwa ajili ya ukungu, na ukungu mara nyingi huja upepo ukiwa umelala. Ndege ya kwanza ya abiria kujitua ikiwa kazini ilikuwa Trident ya BEA (shirika la ndege la Uingereza), London, tarehe 10 Juni 1965, na tatizo la London lilikuwa kutoona. A320 hiyohiyo ikitua kwa mkono imeonyeshwa mpaka noti 38 za ubavuni, gusti (mapigo ya ghafla ya upepo) zikihesabiwa. Kwa mashine ni 20. Mvua ya masika ikija na gusti pale Changamwe, uliko uwanja, anayetua ni mtu.

Chipukizi_Likoni

Samahani wakubwa zangu, swali la mwanafunzi. Cessna 172 ya MSFS, yenye skrini za G1000, nabonyeza APR (kufuata ILS), inafuata ILS vizuri sana, kisha inapiga gurudumu la mbele chini na kudunda. Nimekosea kitufe?

BintiMtongwe

Hujakosea, mdogo wangu. Otopailoti ya 172 haijui kuinua pua. Inaufuata mteremko mpaka mteremko unapokutana na lami, na kwa noti 65 hiyo ni kasi ya kushuka futi 350 hivi kwa dakika bila kupunguza chochote. Kwenye 172 halisi inatakiwa izimwe kabla ya futi 200 juu ya ardhi. Zima hapo, trimu iwe imetulia, anza kuvuta kidogokidogo ukiangalia mwisho wa njia, si mbele ya pua.

Ndege ndogo zinazojitua zipo, lakini ni jambo jingine. Mfumo wa Garmin ulioidhinishwa 2020 kwenye Piper M600 ni wa dharura, rubani akizimia. Unatumia GPS na kuchagua uwanja wenyewe, hauhitaji ILS.

Na kwa kuwa swali hili hufuata: saa za nyumbani haziingii kwenye daftari la leseni. Kinachohesabiwa, tena kwa kiasi, ni kifaa kilichoidhinishwa na KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) chini ya mkufunzi.

Mzee_wa_Antena

Mmezungumza sana juu ya ndege. Nusu ya mfumo iko chini, ardhini, na hiyo nusu simyuleta zimeifanya malaika.

Boriti ya lokalaiza inatoka kwenye antena zilizoko ng'ambo ya mwisho wa njia. Ndege kubwa au lori likipita mbele yake, boriti inapinda. Ndiyo maana ukungu ukishuka, kwenye viwanja vyenye CAT II na III (viwango vya ILS vya kutua bila kuona vizuri) mnara huweka utaratibu maalumu: ndege zinasimama mbali zaidi na njia, na nafasi kati ya zinazotua inaongezwa. Siku ya jua utaratibu huo haupo. Rubani anaweza kuijaribu mashine hata kwenye ILS ya CAT I, ambayo uamuzi wake wa kutua au kupaa upya ni futi 200, lakini anajua boriti haikulindwa, na mkono uko juu ya kitufe.

Tarehe 3 Novemba 2011 huko München, 777 ilikuwa inajitua hali ya hewa ikiruhusu CAT I, na sehemu nyeti haikulindwa. Ndege iliyokuwa ikipaa mbele yake ikaivuruga lokalaiza, na 777 ikatoka nje ya lami. Sasa nendeni nyumbani, jazeni njia 03 magari na ndege kama soko la Kongowea. Sindano haitatikisika hata kidogo. Mchezo hauna boriti, una mstari wa hesabu.

Vifaa vya ndani vivyo hivyo. Karibu na Schiphol, 25 Februari 2009, altimita ya redio ya kushoto ya 737-800 ilisoma futi -8 ndege ikiwa bado karibu futi 2,000 juu. Throtoli ya otomatiki ikaamini iko kwenye kugusa lami, ikarudisha injini. Otopailoti ikaendelea kuvuta pua kushika mteremko huku kasi ikiyeyuka. Watu 9 walifariki. Nyumbani hili linaweza kufanyiwa mazoezi: kwenye tableti ya ndege tafuta ukurasa wa hitilafu, haribu altimita ya redio ya kushoto ukiwa futi 2,000, mwombe mtu mwingine achague dakika bila kukuambia. Hiyo kwangu ina maana kuliko kutua mara mia mashine ikiwa nzima.

Fundi_Kongowea

Mimi wa vyuma. Hewa yetu ya chumvi inakula potenshiometa (sensa za kusuguana ndani ya jostiki). Dalili yake ni mstari wa mhimili unaorukaruka kwenye dirisha la mipangilio hata ukiwa hujagusa kitu. Mruko mmoja futi 200, programu inadhani umeushika usukani, otopailoti inajizima. Weka eneo mfu (sehemu ya kati ambayo programu haiisikii) la asilimia 3 hadi 5, nyunyizia dawa ya kusafishia kontakti, na ukinunua kingine chagua cha sensa za sumaku. Jostiki ya T.16000M ni hivyo kwa mbele-nyuma na kushoto-kulia, lakini kule kuzungusha mpini kwa ajili ya usukani wa mkia bado ni potenshiometa, nako ndiko hufa kwanza.

Umeme: kompyuta ya kucheza inayokula wati 450 haibebwi na UPS (betri ya akiba) ya VA 650, hiyo inatoa chini ya wati 400. Anza VA 1,000.

Skrini: inchi 27 ukikaa sentimita 60, macho yako yanapata digrii 53 hivi za upana. Ukivuta picha ikuonyeshe digrii 90, lami inaonekana iko mbali kuliko ilivyo, na unachelewa kuinua pua. Kwa kutua kwa mkono punguza upana, hata kama utapoteza nusu ya dashibodi.

KusiMkali

Niongeze moja kwa wanaojisifia kugusa kwa futi 60 kwa dakika. Noti 140 ni mita 72 kila sekunde. Ukielea sekunde 4 kutafuta ulaini, umekula karibu mita 290 za lami. Moi ina zaidi ya mita 3,000, utasamehewa. Lakini lami ikiwa imejaa maji, tairi la 737 lenye shinikizo la psi 200 hivi linaweza kuteleza juu ya maji kwa kasi ya kuanzia noti 127 kwenda juu. Ndiyo maana marubani hugusa kwa uthabiti kwenye mvua. Abiria hushtuka, tairi hupasua maji likashika lami.

Njia03

Nimeelewa, shukran kwenu. Moja limebaki: 737 inajitua kwenye 03 lakini kila mara inagusa mita 8 hivi kushoto kwa mstari wa kati, hata upepo ukiwa sifuri. Jostiki au mandhari ya uwanja niliyoongeza?

Mzee_wa_Antena

Pima bila kuruka. Weka ndege kizingitini juu ya mstari wa kati, ILS ikiwa imewekwa, soma sindano ya lokalaiza. Pale kizingitini sindano hufika ukingoni ukiwa kama mita 105 kando, kwa hiyo mita 8 hutaziona. Tembea sasa juu ya mstari mpaka mwisho wa pili. Ukibakisha mita 300 kufika kwenye antena, mita hizohizo 8 zinaisukuma sindano karibu mpaka ukingoni.

Ikizidi kuhama kadiri unavyokaribia antena, aliyetengeneza mandhari amesogeza njia bila kusogeza ILS. Ikiwa imeegemea kidogo, kwa kiasi kilekile toka kizingitini mpaka mwisho, kosa ni la pembe, mara nyingi mkengeuko wa sumaku (tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi) wa zamani. Ikilala kati mwanzo mpaka mwisho, rudi kwa Fundi na jostiki yako.