Duka Ahero, masika yaja: bima ya moto italipa mafuriko?

DukaAhero: Habarini wadau. Nauza saruji, misumari na mahindi kwenye jengo la kupanga hapa Ahero: kuta za mawe, mabati geji 30. Nina bima ya moto na ya wizi. Mto Nyando ukivunja kingo na maji yakaingia stoo, nitalipwa? Na kabla ya Machi nianze na mlango, paa au stima?

WakalaKisumu: Ndugu, bima ya wizi haihusiki kabisa. Ile ya moto, fungua mkataba utafute ukurasa wa nyongeza. Bima ya moto ikiwa tupu hubeba moto na radi. Mafuriko na dhoruba huongezwa na kulipiwa. Kama neno "mafuriko" halimo, liongeze sasa, maana onyo la mafuriko likishatolewa kampuni inaweza kukataa. Ukumbuke pia kwamba sheria ya bima ya Kenya hairuhusu kinga kuanza kabla hujalipa.

Watu wengi huumia kwenye thamani. Tuseme mali ni ya 2,000,000 nawe umekatia bima ya 1,200,000, yaani asilimia 60. Hasara ikiwa 500,000, hesabu inaanzia 300,000, si 500,000. Halafu unatolewa eksesi, ile sehemu unayoibeba mwenyewe. Ikiwa asilimia 10, unabaki na 270,000. Kwa hiyo tangaza thamani ya stoo ikiwa imejaa, si ya wiki ambayo mahindi yameisha.

Soma pia sharti la mali kuinuliwa sakafuni. Mikataba mingine hulidai, na saruji iliyolazwa chini inaweza kukunyima fidia. Paleti (jukwaa la mbao) ya sentimita 15 inatosha kwa unyevu tu. Kwa mafuriko, pima alama ya maji ya zamani ukutani, kisha uinue mali juu yake.

Maji yakiingia: piga picha, mjulishe wakala siku hiyohiyo, okoa kilicho kikavu, na usitupe kilichoharibika kabla mkadiriaji wa hasara hajakiona. Risiti na orodha ya mali viwe nakala nje ya duka.

FundiPaa: Anza na mlango, kwa sababu mvua ikinyesha milima ya Nandi, maji hufika Ahero hata kwenu kukiwa kukavu. Mlango wa mita 1.2 unataka magunia 20 hadi 25 kwa kimo cha goti. Jaza nusu tu. Gunia lililojaa hubaki mviringo na kuacha mianya. Kunja mdomo chini, panga kama matofali, tanguliza karatasi ya nailoni. Tumia mchanga, udongo mweusi wa uwanda wa Kano ukilowa ni uji. Choo nacho kizibwe, maji machafu hupanda kutoka huko.

Stima: fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati) apandishe soketi juu ya alama ya maji. Swichi kuu izimwe maji yakiwa bado nje, si ukiwa umesimama ndani yake.

Paa hung'olewa kuanzia ukingoni, upepo ukiingia chini ya mabati. Hapo piga msumari kila mgongo wa bati, kisha funga mbao za paa kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma. Msumari pekee huchomoka.

DukaAhero: Asanteni sana. Mwenye jengo ana bima yake, haiwezi kunifaa?

WakalaKisumu: Hapana. Hiyo inalipa kuta na paa lake. Rafu na kaunta ulizojenga wewe zitaje kwenye mkataba wako, zisipotajwa hazina mwenyewe.