Nyanya zangu za kwenye ndoo zinaoza kitako kabla ya kuiva. Nakosea wapi?

Ndoo_Saba:
Wakuu salaam. Maji yamenifika shingoni.

Nina miche saba ya nyanya, kila mmoja kwenye ndoo yake ya lita 20. Nilitoboa matundu chini, nikatandika kokoto, juu nikajaza udongo nusu na samadi iliyooza nusu. Miche ilishika vizuri kuliko nilivyotegemea: majani ya kijani iliyokolea, shina nene kama dole gumba, maua tele. Nikaanza hadi kuwaringia watu.

Sasa matunda yamefikia ukubwa wa yai, na karibu kila siku nakuta jingine lina doa pale chini, upande ulio mbali na kikonyo. Linaanza kama sehemu iliyolowa, siku mbili tatu linageuka kahawia, kisha jeusi, limebonyea na kukauka kama ngozi ya kiatu. Hadi leo asubuhi nimetupa kumi na moja.

Nilichofanya mpaka sasa: nimepuliza dawa ya ukungu mara mbili, sioni tofauti. Nikaona labda zina njaa, nikawa naweka yurea kijiko cha chai kila ndoo kila wiki. Kumwagilia nawaambia ukweli, siku za kazi natoka alfajiri narudi usiku, kwa hiyo ni kila baada ya siku mbili au tatu, nikikuta zimelegea. Hapo namwaga kwa nguvu mpaka maji yatoke chini.

Kingine, majani ya chini yamejikunja kama mrija, na nikiyatikisa vinaruka vidudu vyeupe vidogo kama vumbi. Je, huu ni ugonjwa mmoja au nina matatu kwa mpigo? Na hoho zangu zilizo pembeni zitaambukizwa?

Kaka_Jembe:
Pole mkuu. Hapo ni kalsiamu imepungua. Saga maganda ya mayai, changanya kwenye udongo, kazi imeisha.

BibiBustani:
Mwanangu Ndoo_Saba, kwanza weka hiyo pampu chini. Unapiga risasi kivuli. Hakuna ukungu hapo, hakuna bakteria, na hoho hazitaambukizwa kitu na hizo nyanya, ingawa nazo zinaweza kuoza kitako zenyewe ukiendelea kuzinywesha hivyo hivyo.

Jembe amesema kweli nusu. Ni kalsiamu kweli, lakini mara nyingi kwenye udongo ipo ya kutosha. Inashindwa kufika. Kalsiamu haina miguu, inapanda na maji kutoka kwenye mizizi na inaishia pale maji yanapoishia. Majani yanatoa mvuke mchana kutwa, kwa hiyo ndiyo yanayovuta mkondo mkubwa. Tunda lina ngozi nyororo ya nta, halitoi mvuke wa maana, linapata mgawo mdogo tu. Na kitako ndicho mwisho wa bomba. Ukiruka siku mbili bila maji wakati tunda lingali dogo na linanenepa haraka, pale mwisho hapafikiwi, nyama yake inakufa. Doa unaloliona leo ni deni la siku nyingi nyuma, ndiyo maana hata ukianza kumwagilia vizuri kesho, utaendelea kuyaona madoa mapya kwa wiki moja mbili. Usikate tamaa hapo katikati ukakimbilia dawa nyingine.

Yurea acha leo hii. Inasukuma majani, na majani mengi ndiyo yanazidi kulinyang'anya tunda maji. Isitoshe, naitrojeni ya namna hiyo ikishabadilika kuwa amoniamu kwenye udongo inagombania mlango na kalsiamu pale kwenye mzizi. Kijani ile iliyokolea uliyokuwa unairingia ndiyo ilikuwa dalili yenyewe. Samadi nusu ya ndoo ilikuwa inatosha kabisa.

Maganda ya mayai yatie kwenye mboji, hayana ubaya, ila yanachukua miezi mingi kuyeyuka. Nyanya zako haziwezi kusubiri. Na wale watakaokuja kukwambia upulize kalsiamu kwenye majani, kumbuka ikishaingia kwenye jani haitoki kwenda kwenye tunda. Inakaa hapo hapo.

Ndoo_Saba:
Shikamoo Bibi. Kumbe yurea ndiyo mchawi! Sasa kumwagilia naona kama nazinywesha vya kutosha, maji yanatoka chini kabisa kila nikimwaga. Au nasoma vibaya?

BibiBustani:
Marahaba. Unasoma vibaya, na wengi wanaangukia hapo. Udongo wa ndoo ukikauka sana unasinyaa, unaachana na ukuta wa ndoo. Ukimwaga kwa nguvu, maji yanapita kwenye ule ufa wa pembeni, yanateremka moja kwa moja hadi kwenye matundu. Wewe unafurahi yametoka chini, kumbe katikati kwenye mizizi ni vumbi. Chimba kidogo na kidole baada ya kumwagilia utajionea.

Dawa yake: mwaga kidogo, ngoja dakika kumi, rudi tena, halafu mara ya tatu. Kama ndoo imekauka kabisa, ikalishe kwenye beseni lenye maji kwa nusu saa hivi inywe kutoka chini, kisha itoe, isilale humo. Baada ya hapo usiruhusu tena ifike kulegea. Kila asubuhi ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Pakavu, nywesha. Panyevu, acha. Mmea mkubwa wenye matunda kwenye ndoo, siku za jua kali unaweza kutaka maji mara mbili. Juu ya udongo tandika nyasi kavu unene wa vidole vitatu, zisiguse shina.

Yaliyooza yatoe, yasiendelee kula maji bure. Kama tunda limeanza kuwiva na doa ni dogo, kata upande mbovu, uliobaki unalika.

Mchimbaji:
Naongezea kwa mtoa mada: kokoto chini ya ndoo hazisaidii maji kutoka. Maji yanayoteremka kwenye udongo laini yakifika kwenye kokoto yanasita, hayavuki mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo ile tabaka yenye matope umeipandisha juu, karibu na mizizi, na mizizi umeipunguzia nafasi.

Kaka_Jembe:
Mchimbaji sasa unatuvuruga. Kokoto tunaweka miaka yote na mimea inaota.

Mchimbaji:
Inaota, sikatai. Chukua sponji la kuoshea vyombo, lilowe, lilaze bapa mkononi mpaka liache kudondosha maji. Halafu lisimamishe wima. Litadondosha tena. Maji ni yale yale, kimo ndicho kimebadilika. Ndoo yenye udongo mrefu zaidi inajikausha vizuri kuliko yenye udongo mfupi juu ya mawe. Ila Ndoo_Saba usizing'oe sasa hivi kwa ajili ya hilo, utaumiza mizizi na kuoza kitako kutazidi. Msimu ujao.

Kaka_Jembe:
Haya, nitajaribu hilo sponji nikiwa peke yangu 😂

Dada_Mchicha:
Hamjamjibu kuhusu majani. Ndoo_Saba, vile vyeupe ni inzi weupe. Swali langu ni moja ila jibu kwa makini: yaliyojikunja ni ya chini tu, makubwa, bado ya kijani na magumu kidogo ukiyashika? Au ni machanga ya juu, madogo kuliko kawaida, yamejikunja kuelekea juu kama kikombe na kingo zake zimekuwa njano?

Ndoo_Saba:
Nimekwenda kuangalia na tochi. Ndoo sita ni ya chini tu, kijani kabisa. Ila ndoo ya tatu… ni hayo uliyosema ya pili. Juu kumedumaa, vijani vidogo vya njano pembeni, maua yanadondoka. Nilidhani inachelewa tu.

Dada_Mchicha:
Sita ziko salama. Nyanya hukunja majani ya chini ikibanwa na joto au kiu, au ukiipogoa sana kwa mkupuo mmoja. Haipunguzi mavuno na haihitaji dawa.

Ya tatu sikufichi, dalili hizo ni za virusi vya kukunja majani, na vinabebwa na hao hao inzi weupe. Havina tiba. Ukiendelea kuuhurumia, kila inzi anayefyonza pale anahamia kwa jirani na mzigo. Ung'oe asubuhi na mapema wakati inzi wamepoa, ila kabla ya kuutikisa ufunike kwanza na mfuko mkubwa wa plastiki, kata shina chini, funga mdomo, uuweke juani siku kadhaa. Usitupe kwenye mboji.

Halafu pambana na inzi kwa waliobaki. Sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, mililita 10 kwenye lita moja ya maji. Ile ya unga ya kufulia usiiguse, inaunguza. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ngoja siku nzima. Puliza jioni, na puliza CHINI ya jani, maana huko ndiko wanakoishi. Sabuni inaua yule tu iliyomlowesha, ikikauka haina kazi, na mayai haiyagusi. Ndiyo maana unarudia kila baada ya siku tano hadi saba, angalau mara tatu. Ukipuliza mara moja ukaacha, umewapa likizo. Ning'iniza pia vibao vya rangi ya njano ulivyopaka mafuta mazito, usawa wa vilele vya mimea. Havitawamaliza, ila kila asubuhi utajua kama wanapungua au wanaongezeka.

Ndoo_Saba:
Ya tatu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote 😭 Haya, kesho inaondoka.

Kivuli_Changu:
Samahani kudandia uzi wa mwenzangu. Yangu haina doa wala njano. Jana jioni ilikuwa nzima, leo imelala yote, kijani vile vile, na udongo una unyevu. Nimeongeza maji hakuna kitu.

Mchimbaji:
Usiongeze maji tena. Kama mizizi haijaoza kwa maji kukaa, basi nashuku mnyauko wa bakteria. Kuna kipimo kisicho na gharama: kata kipande cha shina karibu na udongo, kama urefu wa kidole, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi na ukishikilie bila kukitikisa. Ngoja dakika chache ukiangalia kwa mwanga. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye mkato, ndiyo huo.

Kivuli_Changu:
Nimeona uzi. Mweupe kabisa. Sikuamini macho yangu.

Mchimbaji:
Pole sana. Ng'oa na mizizi yote, na udongo wa chombo hicho usiutumie tena kwa nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, hao wote ni ukoo mmoja. Kisu na mikono osha kwa sabuni kabla hujagusa mmea mwingine. Na kama maji yanayotoka chini ya hicho chombo yanapita kwenye vyombo vingine, vihamishe leo.

Ndoo_Saba:
Wiki tatu baadaye, narudi na ripoti.

Bibi ulisema kweli, wiki ya kwanza madoa yaliendelea kuja, nikakaribia kununua dawa. Matunda saba yalikwenda. Wiki ya pili mawili. Wiki hii halijatokea hata moja, na yaliyoko sasa yamepita ukubwa wa yale ya mwanzo.

Tatizo la siku za kazi nimelipunguza hivi. Chupa ya lita moja na nusu, nimetoboa kifuniko kwa sindano ya moto tundu moja dogo, nimeizika kichwa chini kando ya shina. Inatoa taratibu. Kwa mmea mkubwa haitoshi siku nzima, lakini ikijumlishwa na maji ya alfajiri na zile nyasi, nikirudi usiku nakuta udongo una ubaridi. Pia ndoo zangu ni nyeusi, saa nane mchana ubavu wake ulikuwa unachoma mkono. Nimezisogeza zikae bega kwa bega, na upande wa jua la mchana nimezikinga kwa gunia. Nadhani hilo limesaidia kuliko ninavyoweza kueleza.

Inzi wapo wachache. Na kwenye ufa wa ndoo Bibi umenimaliza, kidole kilizama pembeni hadi nusu, katikati pakavu kama unga.

Sasa nina kesi mpya: matunda mawili ya kwanza yaliyowiva vizuri, ndege wameyatoboa asubuhi kabla sijaamka.

BibiBustani:
Hahaa, ndege nao wanajua kazi nzuri. Usisubiri yawe mekundu kwenye mti. Likianza tu kupata wekundu pale kitakoni, lichume, liweke ndani mahali penye joto la kawaida, si kwenye friji. Litamalizia lenyewe, na utamu hautapungua.

Ndoo_Saba:
Kitakoni tena! 😂 Nimechuma manne leo, yako juu ya kabati.