Naomba ushauri: Inkscape kwenye simu inajizima katikati ya kazi

Habari zenu wakuu. Nachora nembo na maandishi ya fulana kwa Inkscape, programu ya kuchorea ya kompyuta. Laptop imekufa madabodi, na kabla hamjaniambia ninunue nyingine, hilo najua, hela ndiyo haipo.

Kwa sasa natumia simu: Android 12, RAM GB 6. Nimeweka Termux (app ya kuandikia amri za Linux), ndani yake Debian (aina ya Linux) kwa proot, inayoiendesha bila kuroot simu, halafu XFCE (desktop yake) na Inkscape. Skrini ya desktop hiyo naiona kupitia app ya Termux:X11, maus na kibodi nimechomeka kwa waya wa OTG. Na kwa kweli inachora! Nembo ya rangi mbili haisumbui kabisa.

Shida ni kwamba baada ya kama dakika 15 kila kitu kinazimika ghafla, Termux inaandika "signal 9" (yaani imeuawa kwa nguvu). Juzi nimepoteza kazi ya mteja hivyo hivyo. Nimeiruhusu Termux itumie betri bila kikomo, nimewasha wakelock (simu isilale), nimefunga programu nyingine zote. Wapi.

Nimesoma kwamba Android 12 inaua michakato tanzu (inayoanzishwa na app kwa nyuma) ikizidi 32, na kwamba kikomo hicho huondolewa kwa adb, zana ya kuipa simu amri kutoka kompyuta. Sasa kompyuta ya kuendeshea adb ndiyo hiyo iliyokufa.

Je, kuna aliyefanikiwa kuendesha adb ndani ya Termux yenyewe, kwa wireless debugging (adb bila waya) ya simu hiyo hiyo, na mpangilio ukabaki hata baada ya kuizima na kuiwasha?

La pili dogo: vitufe vya Inkscape ni vidogo kama punje za ulezi. Niongeze DPI (ukubwa wa maandishi na vitufe) kwenye XFCE au nipunguze resolusheni kwenye Termux:X11?