Mrejesho: samaki wangu wa tangini, Malindi

Jamani, asanteni sana. Wiki tano zilizopita niliwauliza kwa nini samaki wangu wa dhahabu wanapanda juu kuhema, na watatu wamekufa siku mbili tu baada ya mimi kuosha tangi zima hadi likang'aa.

Kumbe kuosha huko ndiko kulikowaua. Mlinieleza kwamba kwenye sponji ya chujio huishi bakteria wanaogeuza amonia, yaani sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Mimi nilikuwa naisuguasugua kwa maji ya bomba yenye klorini, nikiwamaliza wote. Nilipopima kwa vile vipimo vya matone, amonia ilikuwa juu mno. Na joto letu hili la pwani huongeza sumu yake, huku maji ya moto yakibeba oksijeni kidogo. Roho iliniuma sana.

Sasa nabadilisha robo ya maji kila Jumamosi. Maji nayaacha kwenye ndoo wazi tangu jana yake, pampu ya hewa ikiunguruma ndani, ili klorini itoke. Sponji naikamua ndani ya maji yaliyotoka tangini, basi. Chakula nimepunguza, kile wanachomaliza kwa dakika mbili.

Tangu juzi amonia na nitriti zote ni sifuri. Watatu waliobaki wanaogelea chini kabisa, wanachimba changarawe, na mapezi yao yamefunguka. Binti yangu amerudi kuwaamkia kila asubuhi kabla ya shule.