Romarini yangu ya Bukavu inakauka kuanzia chini, nisaidieni

Mama_Bagira
Wandugu, habari za leo. Nina kichaka cha romarini (rozmari) nyuma ya nyumba, hapa Bagira, kwenye udongo wetu mwekundu, pale parseli inapoanza kuteremka. Kiangazi chote kilistawi, majirani walikuwa wanakuja kuomba matawi ya kuwekea nyama ya mbuzi. Tangu mvua ya Septemba ianze, majani ya chini yanageuka manjano, kisha kahawia, kisha yanapukutika. Ya juu bado ni ya kijani ila yamelegea, hata asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Wadudu sioni. Mmea huu aliupanda marehemu mama, ukinifia nitaumia sana. Ni mbolea inakosekana? Niongeze samadi?

Bustani_Himbi
Pole sana dada. Samadi iache kwanza. Mmea ukilegea huku udongo umelowa, shida si kiu, ni mizizi kukosa hewa. Asili ya romarini ni pwani za Mediterania, kwenye mawe na changarawe, ambako wakati wa joto mvua karibu haipo. Bukavu mvua inanyesha karibu miezi tisa kwa mwaka, na mfinyanzi wenu unashika maji. Hapo ndipo kuvu wa kuozesha mizizi anapopata nafasi.

Fukua pembeni kwa mkono, polepole. Mzizi mzima ni mgumu na una rangi nyeupe au hudhurungi hafifu. Uliooza ni mweusi, unanuka, na ukiuvuta ganda linavuka kama soksi. Halafu kwangua shina kwa ukucha: ukiona kijani chini ya gamba, bado liko hai. Na utuambie maji ya bati yanaangukia wapi.

Yaya_Kadutu
Mimi ningekata yote mpaka karibu na ardhi, ichipue upya. Mchaichai wangu naufanyia hivyo kila mwaka na unarudi vizuri.

Mzee_Kamalondo
Samahani yaya, kwa mchaichai uko sawa, kwa romarini hapana. Tawi kuukuu lililokwisha kuwa mti na halina jani hata moja, mara nyingi halichipui tena. Ukikata mpaka hapo, umeumaliza. Mama Bagira, ondoa yaliyokufa tu. Kwenye matawi mazima kata sehemu yenye majani na uache majani mengine chini ya pale ulipokata, wala usizidi theluthi moja ya kichaka. Huku Lubumbashi tuna kiangazi kirefu kinachotusaidia, lakini hata kwetu ile iliyopandwa bondeni huwa inakufa mvua zikikolea.

Mama_Bagira
Asanteni sana, baba na wandugu wote. Nimefukua. Upande wa juu mizizi ni myeusi na inanuka kweli, upande wa chini bado ni migumu. Maji ya bati la jikoni yanaangukia palepale upande wa juu. Shina kubwa nimelikwangua, kuna kijani. Nianze na nini?

Bustani_Himbi
Anza na vipandikizi, leo hii, kabla hujagusa kitu kingine. Chagua ncha zenye afya zisizo na maua, sentimita 10 hadi 15, utoe majani ya nusu ya chini. Chomeka kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga wa kujengea, ule wa chembe kubwa, na udongo kidogo. Weka penye mwanga lakini jua kali lisipige, mvua isifike. Mchanga uwe na unyevunyevu tu. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 8 hivi. Chomeka vingi, maana vingine vitakufa. Kipandikizi si mtoto wa mbegu, dada, ni mmea uleule wa mama yako unaoendelea.

Ndipo uhamishe kichaka. Kata mizizi myeusi kwa kisu safi, upunguze na matawi kidogo ili mizizi iliyobaki isilemewe. Tengeneza tuta la sentimita 30 hivi, panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, mbali na maji ya bati. Sisi Goma tunachanganya udongo na makoro, yaani mawe ya volkano, yaliyopondwa, volkano imetupa hayo bila malipo. Ninyi pondeni matofali ya kuchoma, mchanganye na mchanga.

Agronomu_Walungu
Naongeza moja. Udongo wa milima yetu ya Kivu Kusini mara nyingi una asidi nyingi, na romarini inapendelea pH (kipimo cha asidi) ya 6 hadi 7.5 hivi. Majivu ya kuni hupunguza asidi; kiganja kimoja kwenye tuta zima kinatosha, usirundike. Samadi nyingi inaleta matawi laini yanayougua haraka.

Mama_Bagira
Vipandikizi nimeshachomeka, makopo yako barazani. Kaka yangu atachimba mfereji wa maji ya bati Jumamosi. Matawi ya kupikia naweza kuendelea kuchuma?

Mzee_Kamalondo
Subiri, mama. Yale uliyopunguza wakati wa kuhamisha pikia, kama ni ya kijani na hayana harufu mbaya. Mengine usiyaguse mpaka uone machipukizi mapya. Na kabla ya kumwagilia, ingiza kidole mpaka kifundo cha pili: ukikuta unyevu, acha.