Mtu akiomba waandishi wanaofanana na mwandishi kipenzi chake, acheni kumtupia majina matupu!

Wakuu,

Nimekaa na hili rohoni wiki tatu, leo nalitoa.

Nimemaliza juzuu ya 16 na ya mwisho ya ule ulimwengu wa Robin Hobb, mwandishi wa riwaya za fantasia. Vitabu 16, cha kwanza kilitoka 1995, cha mwisho 2017. Fitz, mhusika mkuu, nilimpokea akiwa mtoto wa miaka sita, babu mzaa mama anamfikisha langoni, anamkabidhi kwa askari na kugeuka zake. Usiku huohuo mtoto analala kwenye majani makavu ya banda la farasi, amejibana na mbwa apate joto. Nikaenda naye kuanzia hapo mpaka mvi zikamtoka. Nilipofunga kile cha mwisho sikuweza kufungua kitabu kingine siku nne. Anayesoma riwaya ndefu za fantasia anajua ninachosema, ule ukiwa unaokupata ukigundua watu uliowazoea hawana tena la kukwambia.

Basi nikauliza watu nisome nani sasa. Na sikuuliza kivivu. Niliandika aya tatu, nikaeleza ninachotafuta: mwandishi anayekaa na mtu mmoja miaka na miaka, jeraha la kitabu cha kwanza liendelee kumuuma hadi cha tisa, urafiki uwe na uzito kuliko vita. Na nikamalizia kwa kusema mfululizo uwe UMEKAMILIKA. Niliandika kwa herufi kubwa kama hivyo.

Nikaletewa George R. R. Martin!

Jamani. Kitabu cha tano cha mfululizo wake kilitoka 2011. Cha sita mpaka leo hakijatoka. Mtu amesoma neno "umekamilika" kwa herufi kubwa, bado akaona ndilo jibu. Mwingine akaleta Patrick Rothfuss, akasema "huyu ndiye hasa unayemtaka, mtu mmoja anasimulia maisha yake mwenyewe." Maelezo yakanivutia, nikaamini. Nikasoma cha kwanza, cha 2007, nikakipenda. Nikasoma cha pili, cha 2011, kurasa karibu elfu moja, nikifika usiku wa manane macho yanauma. Nikaenda kutafuta cha tatu. Hakipo! Msimulizi kaahidi kusimulia kwa siku tatu, siku mbili zimekwisha, ya tatu haijaandikwa. Nikamrudia aliyenielekeza nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu, "lakini si ulivipenda?"

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Ndiyo, nilivipenda, na ndiyo maana inauma! Nimetoka kwenye msiba mmoja ukanisukumia kwenye mwingine, na ulijua. Kumtaja mwandishi ambaye hajamaliza si kosa. Kosa ni kunyamaza. Sentensi moja tu inatosha: "jua kwamba cha tatu hakijatoka." Halafu mtu aamue mwenyewe.

Kuna kundi la pili, wale wanaopima kufanana kwa unene. Umesoma vitabu vingi vinene? Basi chukua vingine vinene. Wakanipa Robert Jordan, juzuu 14, alifariki 2007 kabla hajamaliza na Brandon Sanderson akaifunga kazi hiyo mwaka 2013. Nawaheshimu wote wawili, na angalau ule umekamilika. Lakini pale unahama kutoka kichwa cha mtu huyu kwenda cha yule, makumi ya watu, majeshi yanapishana nchi nzima. Wakanipa Steven Erikson, juzuu 10, ambaye anakuangusha katikati ya vita bila kukueleza nani ni nani na mungu gani kagombana na nani. Wanaompenda wanampenda kwa sababu hiyohiyo. Mimi niliomba chumba kidogo chenye watu wawili na moto unaozimika. Kuna majoka huku na majoka kule, kuna ramani mwanzoni, kuna wafalme, basi mmehitimisha kwamba ni kitu kimoja?

Na hizi orodha zinazojitengeneza kwenye maduka ya mtandaoni, "waliosoma hiki walisoma na hiki", nazo ni zilezile. Zinajua watu walinunua nini. Hazijui nani alilia ukurasa gani. Mashine naielewa. Binadamu aliyesoma kitabu kilekile nilichosoma mimi, akajibu kama mashine, huyo simwelewi.

Halafu nimeona mtu anamshauri mgeni wa Hobb aruke, kati ya vile 16, vitabu vitatu vya meli na vinne vya bondeni kwenye mvua, "nenda moja kwa moja kwa Fitz." Usifanye hivyo, nakuomba. Unamnyang'anya mwenzio vitabu saba, na akifika kwenye ile trilojia ya mwisho, yaani vile vitabu vitatu vya kufungia, atakutana na watu wanaoingia kama wageni wakati wewe ulitetemeka kwa kuwaona tena.

Sasa niseme na aliyenisaidia, maana alikuwepo mmoja. Hakunipa jina kwanza. Aliniuliza, "ni wapi ulisimama ukashindwa kuendelea?" Nikamwambia ni pale mtu mzima anaporudi mahali alipokuwa kijana na kukuta mwili hauwezi tena. Akafikiri, akanipeleka kwa Ursula K. Le Guin, ule mfululizo wa visiwa ulioanza 1968. Akaniambia usiishie vitatu vya mwanzo, nenda hadi cha nne, alikiandika mwaka 1990, na yule kijana mwenye majivuno wa kitabu cha kwanza utamkuta mtu mzima aliyepoteza nguvu zake zote na anajifunza kuishi hivyo. Vitabu ni vyembamba. Hakuna anayeviweka karibu na Hobb kwenye zile orodha. Nilisoma cha nne kwa siku mbili na ilikuwa mara ya kwanza tangu nimalize kile cha 16 kuhisi nimeeleweka.

Akaongeza Tad Williams. Trilojia yake ya kijana wa jikoni ilianza 1988, kisha mwaka 2017 akawarudia walewale wakiwa wazee wenye wajukuu, na kazi hiyo nayo ameshaifunga. Ndiyo niliyoanza juzi. Mwendo ni wa polepole mno mwanzoni, naye alinitahadharisha kuhusu hilo kabla sijagusa ukurasa wa kwanza.

Swali moja na tahadhari mbili, havikumchukua hata dakika tano.

Kwa hiyo naliweka ombi langu upya hapa. Nikimaliza Williams nitahitaji mwingine: mtu mmoja, miaka mingi, rafiki ambaye si mpenzi lakini ni zaidi ya ndugu, mwisho umeshaandikwa. Ukinitajia jina, niambie kwa nini, na ni sehemu gani ya kitabu iliyokufanya unikumbuke.